Mgeni wa Siku ya Tatu

Kiswahili kina methali mbili maarufu kuhusu mgeni, na utalii wetu umechukua moja ukaiacha nyingine. Iliyochukuliwa ni "mgeni njoo, mwenyeji apone". Hiyo inafaa kila hotuba ya kufungua hoteli. Iliyoachwa ni "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe". Sijawahi kuiona kwenye bango la uwanja wa ndege.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma matangazo ya likizo za kifahari kwa umakini ambao wengine huwapa washairi: vipeperushi, tovuti za hoteli, maelezo yanayowekwa chini ya picha Instagram. Kwangu hii ni fasihi. Ina mtindo wake, ina msamiati wake, ina mambo inayoyanyamazia. Na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyoona kuwa chini ya ahadi zake zote kuna ahadi moja: siku ya tatu itafika, ya nne itafika, ya kumi itafika, na hakuna atakayekuonyesha jembe. Hicho ndicho kinacholipiwa.

Nayasoma matangazo haya nikiwa mtu wa Mbinga, na kwetu jembe si lugha ya picha. Milima ya Umatengo ina miteremko mikali, na wazee wetu waliishinda kwa ngolo: majani yanafyekwa, yanalazwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo unachimbwa kutoka katikati na kuyafunika, hadi mlima mzima unakuwa na mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji yanatua kwenye mashimo badala ya kuondoka na shamba. Sehemu kubwa ya uchimbaji hufanywa na wanawake. Pembeni ya ngolo kuna kahawa, ambayo ndiyo fedha yetu. Na ukishuka kwa barabara, kama kilomita 66, unafika Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Mwambao huo una Liuli na Lituhi pia, na maji yake yana aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani. Baadhi yao, wale wadogo wa rangi, wanafugwa kwenye matangi ya vioo katika sebule za Ulaya.

Ni mahali pazuri mno. Upande wetu una nyumba za wageni na kambi chache za kawaida. Anasa yenyewe, ile ya mamia ya dola kwa usiku, iko ng'ambo, kwa mfano Kaya Mawa kwenye kisiwa cha Likoma, Malawi. Ndiyo maana naandika sasa. Mahali ambapo anasa haijafika ni pazuri pa kuisomea, kwa sababu maneno hutangulia matofali.

Tuanze na neno ambalo halikosekani: "isiyoguswa". Fukwe zisizoguswa, asili isiyoguswa, paradiso isiyoguswa. Ninapolisikia likisemwa juu ya Nyasa najiuliza, isiyoguswa na nani? Ufukwe wa Mbamba Bay unaguswa kila alfajiri. Mitumbwi iliyotoka usiku na taa inarudi, dagaa tunaowaita usipa wanamwagwa juu ya vichanja na juu ya mchanga, akina mama wanawageuza ili jua liwapate pande zote. Mtu anafua hapa, mwingine anasugua sufuria kwa mchanga pale, watoto wanafukuza kunguru. Ili uuite ufukwe huo "usioguswa" lazima kwanza uamue kwamba mikono yote hiyo si mikono.

Uamuzi huo una umri mkubwa. Wajerumani walipofika Liuli waliona mwamba ulioko pale majini, ukawakumbusha sanamu ya Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Ni kwa jina hilo Liuli imeingia kwenye vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, na kuiondoa kwenye mchezo mapema kabisa. Wenyeji mwamba ule wanauita Pomonda. Lakini mgeni anapopewa kalamu huandika anachokikumbuka kutoka kwingine. Tangazo la leo linafanya vilevile: ufukwe wa Afrika unafananishwa na Maldives au na Karibi, na jina ambalo watu wake wanauita linasubiri nje ya sentensi.

Mfano ulio wazi kuliko yote tunao hapa hapa Tanzania. Karibu na Mafia kuna kisiwa kidogo, Shungimbili. Kwenye soko la anasa kinaitwa Thanda Island. Kilipoanza kupokea wageni mwaka 2016, bei iliyotangazwa ilianzia dola 10,000 kwa usiku mmoja, na mwenye kulipa alipata kisiwa chote, yeye na watu wake. Soma tangazo kama hilo taratibu utaona kwamba kitanda, chakula na bwawa la kuogelea ni nyongeza. Bidhaa yenyewe ni kutokuwepo kwa watu wengine.

Hapo ndipo Kiswahili kinaniletea mshangao. Neno "anasa" tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake huko unahusu uandamani: kuzoeana, kukaa na wenzako ukaondokewa na upweke. Safari ya neno hilo ni ndefu. Lilianza kwenye raha ya kuwa na watu, na leo tunalitumia kutafsiri bidhaa ambayo thamani yake inapanda kadiri watu wanavyopungua. Sisemi kwamba asili ya neno inamfunga mtu. Nasema tu kwamba kuna aina ya raha ambayo lugha yetu iliifahamu mapema, na siyo hii tunayouziwa.

Sasa bei. Agosti 2025 kampuni ya Ritz-Carlton ilifungua kambi ya mahema 20 katika Maasai Mara, Kenya, bei ikianzia dola 3,500 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Mwezi huo huo Meitamei Olol Dapash, msomi na mwanaharakati wa Kimaasai, alifungua kesi mahakamani Narok akidai kambi imewekwa kwenye njia ya wanyama wanaohama kati ya Mara na Serengeti. Wenye mradi walikanusha. Mimi si mtaalamu wa nyumbu, kwa hiyo nabaki kwenye bei. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi milioni 8. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya watu wako chini ya mstari huo. Gawanya mwenyewe. Usiku mmoja wa mgeni mmoja ni zaidi ya miaka 13 ya mtu mzima anayeishi juu ya mstari ule ule. Bei zimepanda tangu utafiti huo, kwa hiyo miaka ipunguze kidogo. Bado ni miaka.

Hesabu za namna hii zinashtua kwa dakika tano. Kisha msomaji anasema "ndiyo dunia" na kuendelea na shughuli zake. Tena zina udhaifu: zinamfanya tajiri aonekane kama ajali ya hali ya hewa, kitu cha kustaajabiwa tu. Mimi ninavutiwa zaidi na jinsi tunavyoyaita matumizi hayo, kwa sababu hapo mkosoaji wa lugha ana kazi.

Kwetu fedha ya kahawa huja kwa msimu. Unavuna katikati ya mwaka, unamenya, unakausha, unapeleka kwenye chama cha msingi, kahawa inakwenda kukobolewa na kuuzwa, na wewe unasubiri. Malipo yakitoka, Mbinga inabadilika sura kwa wiki kadhaa. Mabati yanapanda kwenye paa, pikipiki mpya zinaonekana, harusi zinafuatana Jumamosi kwa Jumamosi, na baa zinajaa. Tangu utotoni nimesikia yanayosemwa kuhusu wiki hizo, kanisani, kwenye mikutano, hata kwenye daladala: mkulima wa kahawa hana nidhamu ya fedha, anafuja, anakula msimu mmoja kana kwamba hakuna mwingine.

Ufujaji upo, siukatai. Upo hasa pale ambapo mama amechimba ngolo na kuchuma kahawa, na hesabu ya malipo ikafanyika baa bila yeye. Hilo ni pengo la kipato ndani ya nyumba moja, na halihitaji mtalii ili liwepo. Lakini angalia vitenzi. Mkulima wa Mbinga akitumia fedha ya mwaka kwa wiki mbili, tunasema "anafuja". Kijana wa Dar es Salaam akitumia mshahara wa miezi mitatu kwa siku nne Zanzibar, tunasema "anakula bata", na tunabonyeza alama ya moyo. Mgeni wa ng'ambo akitumia milioni 8 kwa usiku mmoja, tunasema "anachangia pato la taifa". Tendo ni moja: mtu amepata fedha na anataka kupumzika kwa kishindo. Kamusi ndizo tatu, na kamusi unayopangiwa inategemea umetokea wapi na una kiasi gani.

Pengo la kipato linakaa humo pia. Mwenye nacho anatofautiana na asiye nacho kwa akiba, kwa nyumba, kwa hospitali anayokwenda. Anatofautiana pia kwa haki ya kupumzika bila kuhubiriwa.

Mjadala huu si mgeni Tanzania. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji hadharani kwa nini nchi inayojenga ujamaa inatumia fedha za umma kujenga hoteli za kitalii. Wakati huo shirika la umma la utalii lilikuwa na miradi kama Kunduchi Beach, na Lobo na Seronera ndani ya Serengeti. Majibizano yalikwenda kwenye gazeti la The Standard, ambalo lilikuwa limetoka kutaifishwa, na baadaye Issa Shivji akayakusanya kuwa kitabu kidogo kilichochapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1973, Tourism and Socialist Development. Ningependa kila kijana anayeandika kuhusu safari akisome. Hakina picha ya tembo hata moja akilini mwake. Kinauliza maswali ya mkulima: fedha inayoingia ni kiasi gani, na inayotoka kununua vitu vya kumridhisha anayeingia ni kiasi gani? Anayehudumu anajifunza nini kuhusu nafsi yake? Nyuma ya maswali hayo unaisikia sauti ya Frantz Fanon, aliyeonya mwaka 1961 kwamba tabaka jipya la wenye nchi linaweza kuridhika na kuwa wasimamizi wa viwanja vya starehe vya Wazungu. Kitabu chake tunacho kwa Kiswahili tangu 1978, Viumbe Waliolaaniwa.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja, na bado unazo. Nchi ilihitaji fedha za kigeni. Ajira ya hotelini ni ajira. Nyerere mwenyewe alikuwa katikati ya mkanganyiko huo. Ananukuliwa mara nyingi kuwa alikiri kwamba yeye binafsi hangependa kutumia likizo yake kutazama mamba, ila aliona wanyamapori wangekuwa chanzo kikubwa cha mapato. Ni huyo huyo ambaye mwaka 1962, katika kijitabu cha Ujamaa, aliikumbusha nchi methali ya mgeni na jembe, akisisitiza kuwa katika jamii ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi, hata mgeni hakusamehewa. Miaka michache baadaye serikali yake ilijenga hoteli ambazo msingi wake ni kumsamehe mgeni. Sidhani kwamba alikuwa mnafiki. Naona jinsi fedha za kigeni zilivyo na nguvu ya kuhariri methali.

Nikiusoma mjadala huo leo, naona vijana wale walikuwa sahihi katika mengi, na waliliacha jambo moja. Mtalii kwao ni mtu wa nje, na mwananchi ni mhudumu au mkulima. Katika hoja zao nzito kuhusu fedha na utumwa wa fikra, mapumziko ya mkulima mwenyewe yana nafasi finyu sana. Ni kana kwamba raha ni mali ya mabepari, na mjamaa yeye ana kazi tu. Kwa hiyo walipomnyima mgeni kiti cha kivulini, hawakukumbuka kuuliza kama mama wa ngolo angependa kukikalia.

Miaka 52 baada ya mjadala ule tulipata kazi inayosimama kinyume chake kabisa, na yenye pengo lile lile. Aprili 2022 filamu ya Tanzania: The Royal Tour ilizinduliwa New York, kisha Los Angeles, kisha Arusha. Rais Samia Suluhu Hassan ndiye mwongoza watalii, na mwanahabari wa Marekani, Peter Greenberg, ndiye mgeni. Kama tangazo, imefanya kazi yake vizuri: Rais anavutia, mandhari inavutia, na idadi ya wageni wa kimataifa ilipita milioni 2 mwaka 2024. Kuisema filamu hiyo kwamba ni tangazo ni kama kulisema jembe kwamba lina mpini. Hoja yangu ni ndogo zaidi. Katika hadithi ya aina hii Mtanzania ana nafasi moja, ya mwenyeji. Anaonyesha, anaongoza, anacheza ngoma, anatabasamu. Mwenye macho ya kutazama ni mgeni. Hata mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wote nchini anaingia kwenye hadithi kwa mlango huo huo wa mwenyeji.

Jamaica Kincaid, mwandishi wa Antigua, aliliona hili vizuri kuliko wengi katika A Small Place, kitabu cha mwaka 1988 ambamo anamsemesha mtalii moja kwa moja, bila kumpa nafasi ya kujibu. Anamwambia kwamba kila mwenyeji wa mahali angetamani naye kutoka, kupumzika na maisha yake, lakini wenyeji wengi duniani ni maskini mno hata kuyakimbia maisha yao. Ndiyo maana mtalii anawatia wivu. Nilipokisoma mara ya kwanza nilidhani anazungumzia visiwa vyake. Baadaye niliona anazungumzia likizo yenyewe, kwamba ni mali, na imegawanywa vibaya kama ardhi.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Ni sheria nzuri. Lakini haimfikii anayevua usipa, wala mwenye shamba la kahawa, wala mwendesha bodaboda wa kati ya Mbinga na Maguu. Hao wanapumzika wakiugua, wakifiwa, au mvua ikikataa. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye bei ya hoteli, tayari kuna mpaka kati ya wenye siku zilizoandikwa kuwa zao na wasio nazo.

Na bado watu wanapumzika. Ukitaka kuona likizo ya kwetu, shuka Mbamba Bay tarehe 26 Desemba. Tangu lami ilipofika, Noah na Hiace zinateremka kutoka Mbinga toka asubuhi, zimejaa kuliko zilivyoruhusiwa. Watu wamekuja na masufuria ya wali, na kuku wa jana, na kreti ya soda. Watoto wanaogelea na kaptula za shule. Wasichana wanapiga picha kwenye mawe. Kuna spika tatu zinazogombana, na mzee mmoja aliyevaa suti kamili amekaa mchangani anatazama maji kana kwamba anayahesabu. Mwaka mmoja nilipita kando ya vichanja nikamwamkia mama aliyekuwa anageuza usipa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umekuja kutembea, au una shughuli?" Nikamwambia nimekuja kutembea. Akasema karibu, kisha akanifungia usipa kwenye mfuko mdogo, nipeleke nyumbani.

"Kutembea". Ndilo neno letu, na halina udogo wowote. Linabeba kupumzika, kutazama, na kutembelea watu, yote kwa pamoja. Aliyekuja kutembea anatarajiwa kumwamkia mtu, na hatoki mikono mitupu. Hakuna anayemuuza mwenzake upweke. Sitaki kuipamba siku hiyo. Ilikuwa na walevi, ilikuwa na takataka, na wapo Mbinga wasioweza kulipa hata nauli ya kushuka na kupanda. Mama yule mwenyewe alikuwa kazini siku ambayo mimi nilikuwa likizo. Pengo lilikuwepo, futi mbili kati yetu. Lakini lilikuwa pengo linaloweza kuamkiwa. Tulionana.

Hii ndiyo tofauti ambayo sipendi ipotee, na inaweza kupotea haraka. Barabara imekamilika, bandari ya Mbamba Bay inajengwa, na watu wenye fedha wana macho. Siombi wasije. Kijana wa Liuli anayetafuta kazi hawezi kula uhakiki wangu, na mwenye kambi ya wageni anayelipa mishahara halali na kununua samaki kwa bei halali namheshimu. Ninachotaka ni tujue kwamba vita vya ufukwe huanza kwenye maelezo ya ufukwe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. Mita 60 hizo ndizo za vichanja, mitumbwi, nguo zinazofuliwa na Desemba 26. Haki ya kuzitumia haijaandikwa kwenye hati ya mtu. Inaishi kwa mazoea. Na mazoea ni rahisi kuyafuta: inatosha andiko la mradi kusema "eneo wazi", na tangazo kusema "isiyoguswa", na mlinzi kusimama pale njia ya kwenda majini ilipokuwa inapita.

Ndiyo maana sikubali kwamba kusoma matangazo ni kazi ya watu wasio na shughuli. Sisi tunaoandika, na wengi wetu tumewahi kulipwa kuandika maelezo ya hoteli, tuna sehemu yetu. Tunaweza kuacha neno "isiyoguswa". Tunaweza kuandika Pomonda na kuwaachia Wajerumani Sphinx yao. Tunaweza kutumia kitenzi kimoja kwa mkulima na kwa mgeni: kama mmoja anafuja, wote wanafuja, na kama mmoja anapumzika, wote wanapumzika. Na tunaweza kuirudisha methali ya pili kazini. Jembe la siku ya tatu leo si lazima liwe la kulima. Ni kodi inayobaki wilayani, mshahara unaomwezesha mhudumu naye kutembea mara moja kwa mwaka, na njia ya kwenda majini ambayo haifungwi.

Kisheria, ardhi ya kijiji haiondoki kimya kimya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti. Nina pendekezo dogo kwa siku mwekezaji wa kwanza mkubwa atakapokuja mwambao wetu. Kabla ya mikono kunyooshwa, mtu achukue tangazo ambalo hoteli hiyo itawaonyesha wageni wake, alitafsiri kwa Kiswahili, alisome kwa sauti mbele ya mkutano, sentensi kwa sentensi, waanika dagaa wakiwa wamekaa mstari wa mbele. Akifika pale panaposema kwamba ufukwe huu hauna mtu, anyamaze kidogo, awape nafasi ya kujibu.